Mabaki ya mboji ya uyoga kwenye matuta ya mboga: niyatumie sasa au niyalaze kwanza?

Mwenye Matuta
Ndugu wadau, heshima kwenu. Mkulima mmoja wa uyoga amemaliza mavuno na anataka kusafisha banda lake, hivyo ameniruhusu nichukue mboji yote iliyobaki. Udongo wangu ni wa kichanga. Nikimwagilia asubuhi, jioni umekwisha kukauka. Mzigo wenyewe ni mweusi na mwepesi, una nyuzi nyeupe ndani yake, na juu kuna chembe nyeupe zinazosagika vidoleni. Ninakusudia kupanda kabichi, nyanya na maharage. Je, niichanganye na udongo moja kwa moja? Na nyuzi hizo hazitashambulia mboga?

Jembe la Pili
Tueleze kwanza ni uyoga wa aina gani, kwa kuwa jibu linategemea hilo. Uyoga mamama huoteshwa kwenye mabua, mabaki ya pamba au vumbi la mbao, na mabaki yake huwa na chumvi kidogo. Tatizo lake, hasa yakiwa ya vumbi la mbao, ni kwamba vijidudu vinavyoendelea kuyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo na kuiacha mimea ikiwa na njaa. Uyoga wa vifungo hukuzwa kwenye mboji ya mabua, samadi ya farasi au ya kuku, pamoja na jasi, kisha hufunikwa kwa tabaka lenye chokaa. Chembe hizo nyeupe zinanifanya nishuku kwamba ni huo wa pili. Nyuzi zisikusumbue, kwani chakula chake ni mabua yaliyokufa, wala si mizizi hai. Kinachostahili hofu ni chumvi, ambayo huchoma miche michanga na kuzuia mbegu kuota. Ilaze nje inyeshewe mvua kwa miezi kadhaa.

Mboji Moto
Ninaheshimu ushauri huo, lakini kwa udongo wa kichanga nisingesubiri muda wote huo. Mvua inayoosha chumvi huondoka pia na potasiamu na sehemu ya naitrojeni, nawe ndiye unayezihitaji. Tandaza unene wa sentimita 3 hadi 5, changanya na udongo hadi kina cha sentimita 15 au 20, mwagilia kwa wingi mara kadhaa, kisha hamishia miche ya kabichi iliyokwisha kukomaa baada ya wiki chache. Kabichi huvumilia chokaa vizuri. Tena udongo usio na tindikali hupunguza ule ugonjwa wa kuvimba mizizi. Nyanya nazo huvumilia kiasi. Maharage nisingeyaweka hapo msimu huu, wala vitunguu, kwa sababu chumvi huyaonea mapema. Viazi mviringo vipeleke mbali kabisa, maana chokaa huvizidishia magaga kwenye ganda.

Mwenye Matuta
Ahsanteni sana. Nimeuliza, na kweli ni uyoga wa vifungo. Nitajuaje kwamba chumvi imepungua, ikiwa sina kipimo?

Kitalu
Maharage yenyewe yatakupimia. Jaza chombo kimoja udongo wako mtupu, na kingine sehemu moja ya mboji kwa sehemu tatu za udongo huohuo, kisha panda idadi sawa ya mbegu katika vyote viwili. Iwapo kwenye mchanganyiko mbegu zitaota chache, au majani yatakauka kuanzia kingoni ilhali udongo una unyevu, endelea kuiosha. Usiitumie ikiwa tupu kwenye trei za kuoteshea, hata ikionekana nzuri namna gani. Muulize pia mkulima huyo ni dawa gani alizopiga dhidi ya inzi, kwa sababu wengine hupiga na wengine hawapigi.

Jembe la Pili
Ninakubaliana na kiasi alichokitaja Mboji Moto, mradi maji ya kuoshea yapo. Ila usirudie kila mwaka kwenye tuta lilelile. Chokaa hujilimbikiza, na dalili yake ni majani machanga kugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa kuwa mmea haupati madini ya chuma hata kama yamo udongoni. Ukiiona hali hiyo, tumia mboji ya majani kwa misimu michache, na haya mabaki yatandaze juu tu, kati ya mistari ya kabichi, yakuhifadhie unyevu.