MJADALA: Maada ya giza ipo kweli, au kanuni ya Newton ina mpaka?

Wakuu, naleta hoja barazani.

Nyota zilizo mbali na kitovu cha galaksi zilitarajiwa ziende polepole, kama Neptuni inavyozidiwa mwendo na Utaridi. Wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walipopima galaksi ya Andromeda mwaka 1970, wakakuta sivyo: kasi haishuki ukielekea pembezoni. Wengi wakasema basi ipo maada ya giza, haionekani ila inavuta. Mwaka 1983 mwanafizikia Mordehai Milgrom wa Israeli akashika njia nyingine: hakuna kilichojificha, kanuni yenyewe ya Newton ya mwendo na mvutano ndiyo hubadilika mchapuko (yaani kiasi kasi inavyobadilika kila sekunde) ukiwa mdogo kupita kiasi. Nadharia hiyo inaitwa MOND, kifupi cha Modified Newtonian Dynamics, yaani kanuni ya Newton iliyorekebishwa.

Mdogo kiasi gani? Kama mara bilioni 80 chini ya mchapuko wa embe linalodondoka mtini. Kitu kikianza safari kwa mchapuko huo, kitamaliza zaidi ya miaka 260 ndipo kifikie mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu! Sisi hatuishi katika hali hiyo hata kidogo, kwa hiyo anayesema Newton amethibitika kila mahali anaharakisha.

Namtetea Milgrom kwa sababu alitabiri kabla ya vipimo. Alisema galaksi hafifu, zenye nyota zilizotawanyika, ndizo zitakazokuwa na pengo kubwa zaidi kati ya kasi inayopimwa na ile inayotarajiwa kwa Newton. Miaka ya 1990 mwanaastronomia Stacy McGaugh na wenzake wakazipima, ikawa hivyo. Mwaka 2016 wakaleta galaksi 153, kubwa kwa ndogo: ukijua maada inayoonekana ilivyokaa, mchapuko unaujua.

Mtanijibu kwa Bullet Cluster, na mna haki. Makundi mawili ya galaksi yaligongana, gesi ikanasa katikati, lakini mwanga, ambao hupindwa na mvutano, unapindwa zaidi kule ziliko galaksi, ingawa gesi ndiyo nzito kuliko nyota zake. Hata katika makundi tulivu MOND hupungukiwa, karibu nusu ya maada inayohitajika haionekani. Sitaki kulifunika hilo, linaiumiza nadharia hii. Ila mitambo iliyowekwa chini ya ardhi Italia na Marekani kusaka chembe za maada ya giza nayo haijaleta hata moja iliyothibitishwa.

Anayeiamini maada ya giza anieleze: kwa nini iifuate maada inayoonekana kwa utiifu ule, katika galaksi zote zile 153? Naomba jibu la galaksi, makundi tutayarudia.