Nilihamia Morogoro kwa sababu kazi nafanyia nyumbani, sasa bosi anataka siku zote tano ofisini. Naombeni ushauri

Mama K wa Kihonda:
Wakuu habari za humu, naombeni mawazo yenu maana wiki ya pili hii silali vizuri. Mimi ni mhasibu, kampuni ya kawaida tu iko Posta, Dar. Tangu 2022 tunaingia ofisini Jumanne na Alhamisi, siku zilizobaki kila mtu kwake, mfumo wa mahesabu uko mtandaoni so ukiwa na bando na umeme kazi inaenda. Wakarudisha floo moja kwa mwenye jengo, meza hazina mwenyewe tena, unafika unakaa palipo wazi.

Treni ya SGR ya Dar–Morogoro ilipoanza 2024 mimi na mume wangu tukapiga hesabu tukaona kodi ya Sinza inatumaliza bure, tukahamia Kihonda, hapa Morogoro, jirani na mama yangu mzazi. Sasa hivi nina mtoto wa miezi saba, bibi yake anamshika chumba cha pili, akilia naenda namnyonyesha narudi kwenye laptopu.

Sasa amekuja mkurugenzi mpya, katuma imeli kuanzia mwezi ujao kila mtu Jumatatu mpaka Ijumaa, saa 2 asubuhi uwe umekaa. Nauli ya treni ya kawaida ni 13,000, kwenda na kurudi 26,000. Siku mbili ilikuwa 52,000 kwa wiki naibeba. Siku tano ni 130,000, mwezi unavuka laki tano na hapo bodaboda sijaiweka. Mkataba umeandika kituo cha kazi Dar es Salaam, zile siku mbili tulikubaliana kwa mdomo na meseji za grupu. Niache kazi? Nirudi Dar na mtoto nimwachie nani?

Njiapanda:
Dada pole sana ila kazi ya uhasibu yenye mkataba usiichezee. Rudi Dar, panga hata chumba na sebule Mbezi, mtoto akikua mtarudi Moro.

Fundi Sheria:
Usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujasoma hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, mwajiri akibadilisha masharti yaliyoandikwa anatakiwa ashauriane na wewe na akupe marekebisho kwa maandishi. Shida yako ni kwamba kilichoandikwa ni Dar, kwa hiyo kwenye karatasi atasema hajabadilisha kitu. Ila mazoea ya miaka yote hiyo pamoja na meseji za meneja ni ushahidi, zitunze zote nje ya simu ya ofisi.

Halafu kuna kitu kikubwa umekitaja kama cha pembeni. Unanyonyesha. Sheria hiyohiyo kifungu cha 33 inamtaka mwajiri akuruhusu kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, mpaka masaa mawili kwa siku. Mtoto yuko Kihonda wewe uko Posta, hayo masaa utayatumiaje? Anzia hapo, na anza kwa barua siyo kwa maneno. CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoamua migogoro ya kazi, iache iwe ya mwisho, na ukijiuzulu kimyakimya kuja kuthibitisha kwamba ulilazimishwa ni mlima.

Meneja Mchovu:
Mi naongea kutoka upande wa pili, nasimamia watu 11 na mimi nimewarudisha, siku tatu lakini. Sikuwarudisha kwa kutowaamini. Wale wazoefu kama wewe mko sawa popote, walioumia ni vijana tulioajiri baada ya mfumo huu, kijana anakwama kwenye ritani ya VAT (fomu ya kodi ya ongezeko la thamani ya kila mwezi) siku nzima anaogopa kupiga simu, zamani angegeuza kiti tu akamuuliza wa pembeni dakika mbili yameisha, na mimi nisingejua hata kama alikwama. Hicho ndicho ofisi inafanya siku hizi, kazi yenyewe inafanyika popote.

Kwa hiyo usiende kwa mkurugenzi na nauli, nauli kwake ni shida yako. Nenda na kalenda. PAYE, ile kodi ya mishahara, mwisho tarehe 7, VAT tarehe 20, mwambie siku za kuelekea tarehe hizo mimi nitakuwepo, na nitakaa na vijana wawili niwafundishe. Muulize pia kwa upole, floo imerudi kwa mwenye jengo, meza zinatosha watu wote wakija siku moja?

Binti Uluguru:
Nilifanya hiyo Moro–Dar kila siku miezi mitatu, sina hata mtoto. Treni yenyewe ni safari nzuri, kinachokumaliza ni kuamka saa 9 usiku na kurudi mtu ashalala. Na ukifika huko maziwa unakamulia wapi, chooni? Uliza kama kuna chumba, na friji siyo ile ya chakula cha watu wote.

Mama K wa Kihonda:
Asanteni jamani, hilo la kunyonyesha sikulijua kabisa, na mkuu Meneja umenifungua, kuna kijana pale kila Alhamisi ananisubiri mlangoni na maswali ya wiki nzima, nilikuwa naona ananichelewesha.

Leo nimehesabu meza kimyakimya. Ziko 28, sisi tuko 43. Barua nimeshaandika, nimeomba siku mbili za kawaida, na wiki zenye tarehe 7 na 20 niongeze ya tatu, mpaka mtoto afike mwaka mmoja na nusu. Nimeomba na chumba cha kukamulia. Naonana naye Jumanne saa 4, mama nimemwambia siku hiyo tunapanda treni wote watatu, atanisubiri na mtoto kwa shangazi Kariakoo.