Mjadala: Je, udhanaishi unawapotosha vijana wetu?

Mtoa mada, Kibirizi, Kigoma

Ndugu zangu, salaam. Wiki iliyopita mwalimu mmoja mstaafu hapa mjini aliniambia udhanaishi, yaani falsafa inayosema mtu ndiye anayeyapa maisha yake maana kwa uchaguzi wake mwenyewe, usifundishwe kabisa kidato cha sita. Hoja yake ni kwamba Kazimoto wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, anaishia kujiua, na falsafa inayomwambia kijana kuwa maisha hayana maana itamfikisha huko huko. Namheshimu mwalimu, lakini napinga. Riwaya inayoonyesha kidonda haijamshauri mtu ajikate.

Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa Mfaransa wa udhanaishi, katika mhadhara wake wa Paris wa Oktoba 1945, alisema binadamu anakuwapo kwanza, kisha anajifanya alivyo. Kisu cha kukatia karatasi, fundi aliijua kazi yake kabla hajakiunda. Mtu hana fundi wa namna hiyo. Hapo waumini hushtuka, na ni haki yao, ingawa Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark aliyeitangulia falsafa hii karne nzima nyuma, alikuwa Mkristo hasa.

Kilichonigusa mimi ni kisa anachosimulia Sartre cha mwanafunzi wake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kaka yake ameuawa mwaka 1940, mama amebaki kumtegemea yeye tu. Aende Uingereza kujiunga na Wafaransa wanaopigana, au abaki na mama? Sartre alimjibu: uko huru, chagua.

Mimi nilibaki. Nilipopata nafasi ya chuo Dar es Salaam, mama alikuwa ameanza kuvimba miguu, hawezi tena kusimama mchangani kuanika dagaa. Siku ya treni nilikuwa nimeinama na fagio nakusanya dagaa, mvua inanyemelea kutoka upande wa Kongo. Miaka mingi niliwaambia watu, "Sikuwa na jinsi." Nilipokisoma kisa kile nililia, maana jinsi nilikuwa nayo. Tiketi nilishakata. Nilimchagua mama, na tangu nilipokubali hivyo sijamwekea kinyongo tena.

Sikilizeni watu wetu: aliyekula rushwa hakuwa na jinsi, aliyemwoza binti yake akiwa bado shuleni hakuwa na jinsi. Udhanaishi unatunyang'anya sentensi hiyo. Ndiyo maana nataka vijana waujue.

Mchangiaji, Tabora

Dada, pole kwa mama. Lakini kijana yule wa Sartre alikuwa peke yake. Kwetu swali lile lingepelekwa kwenye kikao: nani akae na mama, nani atoe nauli, shamba la nani liuzwe. John Mbiti, mwanafalsafa Mkenya, aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika husema, nipo kwa sababu tupo. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapa Tabora, aliusimika Ujamaa juu ya undugu wa namna hiyo. Ukimwambia kijana "uko huru, chagua", unamtwika mzigo na kuwafukuza waliokuwa wamsaidie kuubeba. Halafu tunashangaa vijana wa mjini wanavyonyong'onyea vyumbani peke yao.

Mtoa mada

Kaka, kikao kilikaa. Wajomba watatu, na kilikwisha kabla chai haijaisha kwenye birika. Kaka zangu wawili hawakuulizwa lolote. Ilionekana tu kwamba abaki wa kike. Simone de Beauvoir, mwanafalsafa wa kike wa Ufaransa, aliandika mwaka 1949 kwamba mtu hazaliwi mwanamke, bali anakuwa mwanamke. Mimi nilifanywa mwanamke siku ile, nikiwa nimepiga magoti ukingoni mwa mkeka, nawamiminia chai.

La mzigo nakubaliana nawe, na nimelifikiria sana: uhuru haugharimu sawa kwa kila mtu. Kaka zangu wangeondoka bila kuitwa wakatili; mimi ningeitwa. Sartre kwenye kisa kile hakulipima hilo.

Lakini kikao nacho ni watu, na kila mjomba alisema kwa mdomo wake. Mjomba mkubwa yu hai, namsalimia kila Ijumaa, na hadi leo akiulizwa hujibu, "Ukoo uliamua." Natamani nimsikie, kabla hajafa, akisema, "Mimi niliamua."