Mbudya nusu siku na mama mwenye goti bovu: twende lini, tuleje?

Mrangi_Tabata:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Mama yangu mzazi amekuja kutoka Kondoa, ana miaka 68, na atakaa kwangu wiki mbili tu. Bahari ameiona mara moja, kupitia dirisha la basi pale Daraja la Selander. Sasa ameniambia anataka kufika kisiwani na kula samaki wa siku hiyo hiyo, maana kwetu tumezoea samaki wakavu, na perege wa bwawani wakipatikana.

Nimefikiria Mbudya Jumamosi hii, tuondoke asubuhi na saa tisa tuwe tumesharudi. Tatizo ni goti lake la kulia. Anapanda ngazi polepole na hawezi kuruka. Mwaka juzi nilikwenda na wenzangu wa kazini. Wakati wa kurudi boti ilishindwa kusogea ufukweni huku bara, tukashushwa mbali na kutembea kwenye maji na matope hadi nchi kavu. Mama hawezi hilo hata kwa kushikwa. Naomba ushauri.

Dereva_Msasani:
Mpeleke Bongoyo, boti zinatoka Slipway. Ni nusu saa hivi majini na bara unapandia mahali pazuri. Ila kule kisiwani atashuka kwenye maji pia, hilo halikwepeki.

BintiMtongani:
Karibu sana mama Dar. Mimi nimezaliwa Kunduchi, marehemu baba alikuwa mvuvi, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Mdogo wangu, usiende Jumamosi hii. Siyo kwa sababu ya Mbudya, ni kwa sababu ya mwezi. Jumamosi hii mwezi ni mpevu, maana yake ni bamvua, yale maji yanayojaa sana na kukupwa sana. Huku kwetu maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na kukupwa kwenye saa nne au tano asubuhi. Yanashuka zaidi ya mita 3. Ndiyo yale yaliyowakuta ninyi: watu wa mjini wanafika saa nne, bahari imekwenda zake, boti imesimama kule. Subiri Jumamosi inayofuata, mwezi utakuwa nusu. Hayo tunaita maji mafu: hayajai sana wala hayakupwi sana, na yanajaa mida ya saa nne asubuhi. Boti itasogea hadi karibu kabisa na mchanga. Ukirudi saa nane bado utakuta maji ya kutosha. Baba hakuwa na kalenda ukutani, alikuwa anatoka nje usiku na kuutazama mwezi, basi.

Fika Kunduchi saa mbili na nusu. Asubuhi bahari imelala. Upepo unaamka mchana, hasa miezi hii ya kusi, na mama atarushiwa maji usoni. Safari yenyewe haizidi dakika 20. Kabla ya kulipa, mwangalie nahodha machoni na umwambie goti la mama. Mwambie alete ngazi, na kijana mmoja ashuke majini kabla yake. Mama avae jaketi okozi akiwa bado nchi kavu, siyo ndani ya boti inayoyumba. Asivue viatu, avae raba kuukuu, kwa sababu ya mawe na wale wadudu weusi wenye miiba mirefu. Bebeni vitambulisho vya taifa, kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni. Na maji ya kunywa mengi, kisiwani hakuna kisima.

Chakula sasa. Mkishafika tu, kabla ya kukaa, nenda kwenye vibanda ukachague samaki mwenyewe akiwa mbichi. Ukisubiri njaa iume, utakaa saa nzima na zaidi unatazama moshi. Mfunue shavu: liwe jekundu. Mbonyeze kwa kidole: nyama irudi. Kama nyama ni laini kama uji na uti wa mgongo umevunjika ndani, mwache, huyo huenda amepigwa baruti. Nimekua nikisikia ile milipuko tukiwa darasani, madirisha yanatetemeka, na baba akirudi na ndoo tupu. Mahali palipopigwa matumbawe yanabaki kifusi. Visiwa hivi vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975, na bado watu wameviumiza. Kwa hiyo naomba sana, usinunue samaki wa namna hiyo hata kwa bei ya bure, na kambakochi mwenye mayai usimguse.

Kwa mama mimi ningechukua tasi wawili wa kukaanga, au changu wa kuchoma, na kachumbari. Pweza ni mtamu lakini kama meno yake ni ya shida, mwonee huruma.

Dereva_Msasani:
Dada kasema kweli kuhusu mwezi. Miaka yote nilidhani ni bahati tu.

Mrangi_Tabata:
Dada, nakushukuru. Nimeahirisha. Jana usiku nilimtoa mama nje tukautazama mwezi, akasema hata wao wanapanda kwa kuuangalia. Nitaleta mrejesho.

Mrangi_Tabata:
Mrejesho. Tumerudi leo, mama amelala.

Saa tatu maji yalikuwa yamejaa kama ulivyosema. Nahodha alileta ngazi, vijana wawili wakamshika viwiko, maji yakamfika magotini tu. Kisiwani alichagua tasi mwenyewe. Alifunua mashavu ya samaki sita, muuza akabaki anamtazama. Alikula wote wawili hadi vichwa, akaniachia chipsi.

Kisha akakaa chini ya mvinje, akaanza kuchimba mchanga kwa mkono. Kwetu Kondoa mito ni ya mchanga, wakati wa kiangazi unachimba hivyo hivyo hadi maji yachuruzike. Alichimba kiasi cha kiwiko, maji yakaja. Akaonja, akatema, akaniita: «Njoo uone, ni ya chumvi hadi chini.»