Mbegu za koivu zimegoma kuota, nimekosea wapi?

Mkinga_wa_Baridi (Tampere), 16 Aprili
Wakuu, habari za jioni. Mimi mtu wa Makete, Tanzania, huu mwaka wa nne niko Ufini. Kuna ule mti wa gome jeupe, mbetula, hapa wanauita koivu na ndio mti wao wa taifa. Agosti nilichuma vishada kwenye mti mmoja uliosimama peke yake karibu na kituo cha basi, nikavisugua, vikatoa kitu kama pumba za kahawia. Mwanzoni mwa Machi nikasia kwenye trei dirishani, nikafukia kina cha kucha kama ninavyofanya kabichi. Wiki ya sita sasa, naona ukungu tu. Niongeze maji? Nia yangu ni kumpelekea mama miche Makete. Kule nako sakitu (umande ulioganda) inaunguza viazi, nadhani koivu utakubali.

BibiKitalu (Aberdeen)
Maji acha mwanangu, mbegu tayari umezizamisha. Mbegu ya koivu ni ndogo sana na inataka mwanga. Ukiifukia, umeizika. Sia juu ya udongo laini, bonyeza kwa kiganja, nyunyiza mchanga mwembamba kiasi kwamba mbegu bado zinaonekana, basi.

Halafu zilihitaji kuonja baridi ya unyevunyevu, siyo kukaa kabatini kwenye bahasha. Kama umebakiwa nazo, changanya na mchanga mbichi usiochuruzika, tia kwenye mfuko, weka friji wiki nne (siyo friza!). Mimi siku hizi nasia Januari, trei naiacha nje, theluji inaangukia juu, kazi inafanyika yenyewe.

Na kagua unachosia. Kishada kikipukutika kinatoa vitu viwili: magamba yenye ncha tatu, kama kindege kinachoruka, na mbegu yenyewe, kidoa chenye vibawa viwili vyepesi. Mwaka wa kwanza mimi nilisia magamba, nikayamwagilia mwezi mzima kwa adabu zote.

Mti wa peke yake nao haufai sana. Koivu haujichavushi vizuri, mbegu nyingi zinakuwa tupu. Chuma penye miti mingi.

MisituMafinga
Mkuu, hilo la Makete lifikirie upya. Baridi ipo, lakini koivu wa kaskazini husoma urefu wa mchana. Huko Ufini Juni jua linazama saa tano usiku, mche unajua ni wakati wa kukua. Mchana ukifupika unafunga vichipukizi, unajiandaa kulala. Sasa uulete Makete, mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima: utadhani majira ya kupukutisha majani yamefika tangu siku ya kwanza. Utadumaa. Tena mbegu au mche haviingii nchini kienyeji, kuna kibali na ukaguzi wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Usije ukampelekea mama kesi.

Mkinga_wa_Baridi, 9 Juni
Nimerudi na ripoti. Nilikagua bahasha kwa tochi ya simu: zaidi ya nusu vindege! Mbegu zenyewe nikazipeleka friji, nikasia katikati ya Mei bila kufukia, nafunika kwa plastiki na kumwagilia kwa chupa ya kupulizia. Miche 11 imetoka. Mitatu imelala chini shingo zimeoza.

Mama nimemweleza habari ya mchana mrefu. Kasema, "Mti usiolala usiku wa nini?"

BibiKitalu
Hao watatu ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shingo za miche. Ondoa plastiki leo hii, wapate hewa, maji upitishe chini ya trei. Ikifikisha majani manne, hamishia kila mmoja kwenye kopo lake, ushike jani, usishike shina.

Mkinga_wa_Baridi
Sawa bibi. Gome jeupe linaanza lini? Hivi vijiti ni vya kahawia kabisa.

BibiKitalu
Miaka kadhaa. Na usikwangue kuangalia.