Golgi-Cox kwenye ubongo wa panya wa utafiti wa konzo: chembe nyeusi, dendraiti zinakatika. Tatizo liko wapi?

kirumba_maabara

Wakuu habarini. Kazi ni ya uzamili hapa Mwanza, kuhusu konzo, ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafla unaohusishwa na sianidi ya muhogo mchungu usiosindikwa vizuri. Panya wa maabara wanalishwa unga wa muhogo mchungu na protini kidogo, kisha tunaangalia nyuroni kubwa za piramidi za tabaka la tano kwenye gamba la mwendo la ubongo. Tunataka kujua kama matawi na miiba (vichomozo vidogo) ya dendraiti, yaani nyuzi za nyuroni zinazopokea ishara, hupungua kabla mnyama hajakakamaa miguu ya nyuma. Tumechagua Golgi-Cox, njia ya kutia seli za neva rangi kwa metali, kwa sababu haihitaji kingamwili wala hadubini ya fluoresensi.

Slaidi zina chembe nyeusi nyingi juu ya tishu. Seli zinaonekana lakini zimefifia, rangi ya chai, na dendraiti ya kilele inaishia njiani. Vipande vingine vina matundu madogo madogo kama vile tishu imetobolewa, na vichache vinapata ukungu mweupe vikiingia kwenye zailini (kiyeyushi cha kusafishia tishu). Vibratomu (mashine ya kukata tishu isiyogandishwa) hakuna, kuna kriostati (ya kukata iliyogandishwa), na umeme wa hapa mnaujua. Ubongo hugandishwa kwenye friza ya kawaida.

Chakula: unga unakandwa na maji, unatengenezwa vidonge, unaanikwa juani mpaka ukauke. Naomba pia ushauri wa idadi ya seli kwa kila panya.

fundi_slaidi

Mkuu, umetaja matatizo manne, na kila moja lina chanzo chake. Usitafute tiba moja.

Chembe nyeusi kwanza. Andaa akiba tatu za asilimia 5 kwa maji yaliyokenekwa: potasiamu daikromati, kloridi ya zebaki na potasiamu kromati. Kloridi ya zebaki huyeyuka kwa uvivu, ipashe moto kidogo ukiwa ndani ya kabati la kuvuta mvuke, glavu na miwani mwilini. Changanya ujazo 5 wa daikromati na 5 wa kloridi ya zebaki. Chupa nyingine iwe na ujazo 4 wa kromati na 10 wa maji. Mimina ule wa kwanza ndani ya huu wa pili, polepole, huku ukikoroga. Funga, zungushia foili, weka gizani siku 5. Chini yatatuama mashapo mekundu ya kahawia. Hayo ndiyo yanayokuja kukaa juu ya tishu yako. Usitikise chupa; chota wa juu, uchuje kwa karatasi kabla ya kutumia. Koleo na vijiko viwe vya plastiki au kioo, maana kloridi ya zebaki hula chuma, na kila inapokula huacha uchafu ndani ya myeyusho. Hata ukifanya yote hayo, vipande vya juu kabisa vya bonge vitakuwa na chembe. Vitupe tu, fanya kazi na vya ndani.

Seli za rangi ya chai zinaweza kusababishwa na mambo mawili. La kwanza ni muda. Ubongo uingie mbichi, bila formalini, umesuuzwa damu haraka kwa maji yaliyokenekwa, umekatwa mabonge yasiyozidi sentimita 1. Myeyusho uwe angalau mara 10 ya ujazo wa tishu. Badilisha baada ya saa 24, kisha acha siku 14 gizani. Ukiwahi kutoa, metali haijafika kwenye ncha za matawi, na dendraiti itaonekana imekatika ilhali kwenye tishu ipo nzima. Ukichelewa sana, tishu inakuwa kavu na kukatika kama biskuti. Joto huharakisha kazi, kwa hiyo kabati lenye jua la mchana na chumba chenye kiyoyozi havitatoa matokeo sawa. Wanyama wa makundi yote wakae chupa za aina moja, rafu moja, tarehe moja.

La pili ni amonia. Ndiyo inayogeuza mashapo ya zebaki ndani ya seli kuwa meusi. Chupa iliyofunguliwa siku nyingi kwenye joto letu imeshapoteza gesi yake. Nunua chupa ndogo, ifungue siku ya kazi, loweka slaidi dakika 8 hadi 10, suuza, kisha sodiamu thiosalfati asilimia 5 kwa dakika 10, gizani.

Matundu ni barafu. Friza ya kawaida hugandisha taratibu, fuwele za maji zinakua na kupasua tishu, na dendraiti ndefu ndiyo ya kwanza kukatwa. Baada ya Golgi-Cox weka bonge kwenye sukrosi asilimia 30, nyuzi 4, gizani, mpaka lizame lenyewe. Likiwa bado linaelea maji hayajatoka. Kisha gandisha kwa haraka ndani ya isopenteni iliyopozwa kwa barafu kavu. Kata maikromita 150 kama unapima matawi, 100 kama unahesabu miiba. Sababu ni lenzi: nyingi za mara 100 za mafuta zina nafasi ya kufanyia kazi ya kama milimita 0.13 tu chini ya kioo cha kufunikia, seli iliyo chini ya hapo huifikii hata uzungushe skrubu vipi.

Umeme ukikatika katikati ya kukata, bonge likilainika usiligandishe tena. Tia kwenye kumbukumbu kuwa limeharibika. Mabonge yanayosubiri yabaki ndani ya sukrosi kwenye friji, yatoke moja moja.

Ukungu mweupe kwenye zailini ni maji. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, na alkoholi halisi hunyonya unyevu huo kila ukifungua kifuniko. Tenga chupa ya mwisho, iwe na jeli ya silika chini, na ibadilishe mara kwa mara.

bi_kemia_igoma

Fundi kamaliza upande wa slaidi. Mimi nina wasiwasi mkubwa zaidi na chakula, kwa sababu hapo ndipo utafiti mzima unaweza kuwa umepotea kabla panya hajaguswa.

Sumu ya muhogo imefungwa ndani ya linamarini. Unga ukilowana, kimeng'enya linamarasi kilichobaki kwenye unga huivunja, na mwisho wake hutoka haidrojeni sianidi. Hii huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, joto la kawaida la mchana wa Mwanza. Ndiyo sababu kina mama wanafundishwa kulowanisha unga, kuutandaza kwa tabaka jembamba na kuuacha saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kusonga ugali: sianidi inaruka. Sasa ninyi mnakanda unga na maji, kisha mnauanika. Mnausafisha! Inawezekana kabisa kundi lenu la "muhogo mchungu" linakula chakula kilichokaribia kuwa salama.

Pima. Karatasi za pikreti zinatosha. Miligramu 100 za unga kwenye kichupa pamoja na karatasi yenye bafa na kimeng'enya, weka maji matone machache, ning'iniza karatasi ya pikreti ya njano isiguse maji, funga kwa saa 16 hadi 24. Ikigeuka kahawia kuna sianidi. Kwa namba kamili, loweka karatasi hiyo kwenye mililita 5 za maji kwa nusu saa, soma kwenye spektrofotomita nanomita 510, zidisha kwa 396. Hizo ni miligramu kwa kilo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa unga wa kula ni 10. Pima unga mkavu, pima kidonge kilichokauka, pima na mabaki kwenye chombo cha panya kesho yake. Msipochukua vipimo hivyo vitatu hamjui dozi.

Mbadala: toeni unga mkavu bila kulowanisha, au mpe panya linamarini iliyopimwa kwa mpira wa tumboni. Vilevile pimeni thayosianeti kwenye mkojo. Mwili hubadilisha sianidi kuwa thayosianeti kwa kutumia salfa kutoka asidi amino za protini, na hapo ndipo njaa ya protini inapoingia kwenye konzo. Mlipuko wa konzo wa Tarime ulikuja na ukame wa 1985: muhogo mchungu ulikuwa ndio chakula, usindikaji ulifupishwa, na mboga yenye protini ilikuwa haba. Udaga uliovundikwa na kukaushwa kwa muda wake si chakula cha kuogopwa, na naomba tasnifu yenu iseme hivyo waziwazi, maana watu wa kanda hii wanaishi kwa muhogo.

Jambo la pili, taka. Myeyusho wa Golgi-Cox, maji ya kusuuzia, na sukrosi iliyolowekewa bonge, vyote vina zebaki na kromiamu. Hata tone moja lisiingie kwenye sinki. Bomba la sinki mwisho wake ni ziwani, bakteria wa kwenye tope hugeuza zebaki kuwa methili-zebaki, dagaa anaibeba, sangara anamla dagaa, na sisi tunamla sangara. Kusanya kwenye chupa nene za kioo au plastiki ngumu zenye kifuniko kisicho cha chuma, andika yaliyomo na tarehe, weka ndani ya beseni. Na zisipelekwe kwenye tanuri la kuchomea taka za hospitali: zebaki haiungui, inapanda hewani na kushuka mtaani. Ulizeni NEMC, wasimamizi wa mazingira nchini, utaratibu wa taka za sumu kabla ya kutengeneza myeyusho, si baada.

kirumba_maabara

Ahsanteni sana. Bi Kemia, vidonge tunavisimamisha leo mpaka pikreti ipatikane. Swali la idadi bado, na je, Golgi inaweza kuonyesha kama nyuroni zimekufa?

hesabu_nyamagana

Haiwezi, ndugu. Golgi-Cox hushika seli chache tu kati ya mia, bila mpangilio unaotabirika. Uzuri wake ni huo: ingeshika zote usingeona kitu. Lakini huwezi kuhesabu seli zilizokufa kwa njia inayochagua ovyo. Kwa idadi ya seli chukua nusu ya pili ya ubongo, fiksi kwa formalini, kata vipande mfululizo na utie kresili ya zambarau. Amueni mapema upande upi unaenda wapi, na mbadilishane kulia na kushoto kati ya wanyama.

Kipimo cha takwimu ni panya, si seli. Seli 6 hadi 8 kwa kila panya zinatosha. Panya 3 wenye seli 40 kila mmoja bado ni panya 3. Mkizihesabu kama seli 120 huru, thamani ya p itawadanganya. Tumieni modeli mseto yenye mnyama kama athari nasibu, au wastani wa kila mnyama.

Andikeni masharti ya seli kabla ya kufungua slaidi: mwili wa seli uwe katikati ya unene wa kipande, seli imejaa rangi mpaka kwenye matawi madogo, haijafunikwa na jirani wala chembe. Anayefuatilia matawi asijue kundi. Mtu mwingine abandike namba za siri. Fiji, programu ya kuchambua picha, yenye programu-jalizi ya SNT ya kufuatilia matawi, ni bure. Duara za Sholl, za kuhesabia matawi yanayozikatiza, ziwe kila maikromita 10 kutoka kwenye mwili wa seli. Miiba hesabu kwenye sehemu zisizopungua maikromita 20, umbali ule ule kutoka kwenye mwili wa seli kwa wanyama wote, na iite miiba inayoonekana, kwa sababu iliyo nyuma ya dendraiti haionekani kwenye Golgi.

Makundi yawe manne. Kama mna muhogo wenye protini kidogo dhidi ya chakula cha kawaida tu, hamtajua kilichopunguza miiba ni sianidi au njaa, na utapiamlo peke yake hubadilisha dendraiti. Inatakiwa miwili kwa miwili: sianidi ipo au haipo, protini ya kutosha au kidogo, na panya wapimwe uzito kila wiki.

Mwisho, panya si binadamu kwenye njia hii. Nyuzi zake za kutoka gamba la mwendo hushuka zaidi kwenye sehemu ya nyuma ya uti wa mgongo, za binadamu hupita pembeni. Konzo kwa mtu huja ghafla, pande zote mbili, kisha haiendelei. Mkiona miiba imepungua, mmepata badiliko kwenye nyuroni ya juu ya mwendo ya panya. Kuliita konzo kunahitaji pia kipimo cha kutembea, mathalani nyayo zenye wino kwenye karatasi, kwa wanyama walewale.