Kina Kevo wote mliomo humu, hili jina letu lilitoka wapi?

KevoWaRonga: Wadau niaje. Kwa simu yangu niko na Kevo Stima, Kevo Nduthi, Kevo Jipsam na Kevo Kanisa, na mimi mwenyewe ni Kevin. Jana nikatuma elfu tatu za kumalizia siling, badala ziende kwa Kevo Jipsam zikaenda kwa Kevo Kanisa, na jamaa akajibu "Mungu akubariki ndugu" akazima simu. Ndio nikaanza kujiuliza tulitoka wapi wengi hivi? Mathe anasema alilisikia tu kwa redio akalipenda. Halafu kuna mzee huku parokiani husema eti si jina la mtakatifu, ningebatizwa Petro.

mama_brayo: Pole kwa elfu tatu 😂😂 Huyo mzee mwambie yuko Mtakatifu Kevin wa Glendalough, huko Wicklow, Ireland, alifariki mwaka 618. Kwao linaandikwa Caoimhín, maana yake ni kama aliyezaliwa mpole au mzuri. Hatumsikii kwa sababu sikukuu yake ni 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, sasa nani atamkumbuka na watu wote wameenda Namugongo kwa miguu. Kuna hadithi yake naipenda sana, eti kibanda chake kilikuwa kidogo hadi akinyoosha mikono kusali mkono mmoja unatokea dirishani, ndege akaja akataga kiganjani, na yeye akabaki hivyo hivyo mkono nje mpaka makinda yakatoka. Mi hata kubeba mtoto dakika kumi mkono unakufa ganzi. Na wale mapadri wamisionari wa Kiltegan kutoka Ireland waliofanya kazi Turkana na Kitui, Kiltegan yenyewe iko Wicklow hiyo hiyo.

msafiri_hamburg: Huku Ujerumani usijitambulishe haraka haraka bro. Mwaka 1991 Kevin lilikuwa jina namba moja la watoto wa kiume, Ufaransa pia lilitamba miaka hiyo hiyo. Wazee wa hapa wanamkumbuka mwanasoka Kevin Keegan alivyochezea Hamburg 1977 hadi 1980, halafu 1990 ikaja ile filamu ya Home Alone, ya mtoto Kevin aliyesahaulika nyumbani Krismasi, basi. Ndio maana kina Kevin wengi wa mpira ni rika moja, De Bruyne 1991, Trapp kipa 1990, Volland 1992. Sasa limegeuka utani, hata utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg 2009 ulikuta walimu wakiona Kevin kwenye orodha wanamhesabu mtukutu kabla hajafungua mdomo. Uonevu tu.

Kelvin_Mbeya: Na sisi Kelvin tumo au tunakaa nje?

mama_brayo: Nje kaka 😅 Kelvin ni mto wa Glasgow, Uskoti. Yule mwanasayansi wa vipimo vya joto jina lake hasa ni William Thomson, Lord Kelvin ni cheo alichopewa. Ila alizaliwa Belfast 1824, kwa hiyo Ireland mmepitia dirishani.

Kelvin_Mbeya: Sawa tu, sisi tunaye marehemu Kelvin Kiptum, marathoni kwa masaa mawili na sekunde 35 pale Chicago 2023. Kevin gani wenu amekimbia hivyo?

KevoWaRonga: Hapo umetuweza. Kevo Kanisa amewasha simu btw, amerudisha 2,700. Anasema ile mia tatu ilishatoka fungu la kumi.